Dundumio, Homa na Chanjo

Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati ambapo mjini Tanga ilikuwa nadra kupita mtaa usionuka nyungu ya mchaichai na majani ya mwarobaini, binti wa mama yangu mdogo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ambaye mimi humwita dada kwa kuwa tulilelewa chini ya paa moja, alishikwa na homa iliyomlaza siku tisa, ikamwachia kikohozi na unyonge, kisha ikampa ruhusa ya kurudi darasani. Nasi jamaa zake tukamshukuru Mola, tukadhani kwamba yaliyokuwapo yamekwisha. Wiki ya tatu baada ya hapo alianza kulalamika ya kuwa taya la kulia lamuuma, ya kuwa maumivu hupanda mpaka ndani ya sikio kila amezapo hata mate, na ya kuwa usiku hawezi kuulalia upande ule.

Mtu aumwaye taya hulishuku jino kwanza, na dada hakukosa akili alipofanya hivyo. Alikwenda kwa tabibu meno, naye alipomulika kinywani aliona gego la nyuma lenye tundu, na kwa kuwa tundu lilikuwapo kweli wala hakulizua, aliling'oa, akamwekea pamba, akamwagiza asinywe kitu cha moto mpaka jioni. Gego liliondoka, maumivu yakabaki. Baada ya siku nne yakahamia upande wa kushoto, jambo ambalo, nakiri kwa majuto, lilitufanya baadhi yetu tuone kwamba huenda anatia chumvi, maana hatukupata kusikia gego la kulia lililokwisha kung'olewa likamwuma mtu kushoto. Akapewa matone ya sikio. Kisha vidonge vya kuua bakteria vya siku saba. Kisha vingine vya siku kumi. Wakati huo huo moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa kitako, nguo zilimpwaya, jasho lilimtiririka alfajiri kabla jua halijachomoza, na wanafunzi wake walianza kunong'onezana kwa kuwa mwandiko wa mwalimu ubaoni, uliosifika kwa kunyooka, sasa ulitetemeka kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Majirani walisema ni presha. Wengine walisema ni jicho la hasidi.

Aliyelifumbua fumbo hili alikuwa muuguzi mmoja mtu mzima, aliyebakiwa na miezi michache kustaafu, ambaye kabla ya kuuliza lolote alisimama nyuma ya kiti cha mgonjwa, akamwekea vidole shingoni chini ya kikoromeo, akamwambia ameze mate. Dada aliruka kwa uchungu.

"Ndipo hapa, Mwalimu?"

"Hapo hapo, mama."

"Basi jino lako halikuwa na kosa," akasema yule bibi, akaenda kumwita daktari, naye daktari akaandika karatasi ya kupima homoni za tezi.

Kisa hiki nakileta mbele ya wasomaji kwa kuwa katika muda wa wiki tano watu wanne wenye elimu yao walimtazama dada kinywani, masikioni na kifuani, wala hapana hata mmoja aliyemgusa shingo. Na kwa kuwa tangu siku zile yamesemwa maneno mengi juu ya homa, chanjo na tezi, mengine ya kweli, mengine ya uzushi, na mengi zaidi ambayo ni kweli iliyochanganywa na uzushi hata msikilizaji asiweze kuzitenga.

Tezi ninayoitaja ni ile ambayo vitabu vya Kiswahili huiita dundumio na ambayo matabibu wetu wamezoea kuiita thairoidi. Umbo lake ni la kipepeo aliyekunjua mbawa mbele ya koo la pumzi, na kwa mtu mzima mwenye siha uzito wake huwa kati ya gramu 15 na 25, kitu chepesi kuliko yai la kuku wa kienyeji. Kazi yake ni kuyanyaka katika damu madini joto, yaani iodini, na kuyafanya homoni ambazo ndizo zinazopima mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa haraka gani, joto liwe kiasi gani, chakula kiungue upesi au polepole, na hata fikra ziwe nyepesi au nzito. Juu yake ina msimamizi, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutuma amri homoni zipungukapo na hunyamaza zizidipo. Walakini dundumio ina tabia ambayo tezi nyingine za namna yake hazina, nayo ni kuweka akiba nyingi. Ndani yake mna vifuko vidogo visivyohesabika, vimejaa ute, na katika ute ule mmehifadhiwa homoni inayoweza kuutosha mwili miezi miwili na zaidi. Ni ghala halisi, na asiyekumbuka kwamba ni ghala hatafahamu kwa nini homa inaweza kumtetemesha mtu mikono.

Kwetu Afrika ya Mashariki tezi hii ilijulikana zaidi kwa rovu, uvimbe wa shingo usiouma, uliowasumbua watu wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na wa kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, na wa kila mahali palipo mbali na bahari ambapo udongo una uhaba wa madini joto. Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto mwaka 1986, kisha ukaja mpango wa kuyatia katika chumvi ya kila jiko, na faida yake haina mshindani. Lakini faida ile imetuachia fikra moja nyembamba, ya kwamba kila neno lihusulo tezi ya shingo ni neno la chumvi, na ya kwamba mtu wa pwani alaye samaki na kuishi karibu na mashamba ya chumvi hana haja ya kuijua tezi yake. Dada yangu amekula samaki maisha yake yote.

Maradhi yaliyompata yalielezwa vema mwaka 1904 na Fritz de Quervain, mpasuaji wa Uswisi, ambaye baadaye alikikalia kiti cha ualimu mjini Bern kilichoachwa na Theodor Kocher, yule aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii hii. De Quervain aliona wagonjwa ambao tezi zao zilivimba na kuuma kama zenye jipu, ilhali zilipochunguzwa hazikuwa na usaha asilani. Uchungu wa maradhi haya hupanda kwenye taya na sikio kwa kuwa mishipa ya fahamu ya sehemu hizo ni jamaa moja, na aghalabu huanza ubawa mmoja wa kipepeo ukahamia wa pili, kama ulivyohamia kwa dada nasi tukamdhania vibaya. Wanawake hupatwa mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, hususan wenye umri baina ya miaka 30 na 50.

Linalotukia ndani ni hili. Tezi ikiwaka uvimbe, kuta za vile vifuko hupasuka, na akiba iliyokuwa itolewe kwa kipimo kidogo kidogo humwagika katika damu kwa pamoja. Hapo mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, hukonda, na moyo humwenda mbio. Wala si kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi, bali ghala limevunjika mlango. Tofauti hii ina maana kubwa katika tiba, kwa sababu dawa za kuizuia tezi isitengeneze homoni, ambazo huwafaa wagonjwa wengine, hapa hazifai kitu: huwezi kumzuia mkulima asilime ili kuiokoa nafaka iliyokwisha kumwagika. Baada ya wiki chache akiba huisha, na kwa kuwa wafanyakazi wenyewe wamejeruhiwa, huja kipindi cha pili kilicho kinyume cha cha kwanza, cha baridi, uzito, usingizi na huzuni, ambacho kinaweza kudumu miezi kadhaa kabla tezi haijapona. Katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota huko Marekani, matabibu wa Mayo Clinic waliwafuatilia wagonjwa 94 waliopatikana tangu mwaka 1970 mpaka 1997, wakakuta kwamba maradhi haya huwapata watu 4.9 katika kila 100,000 kwa mwaka, na ya kwamba asilimia 15 ya wagonjwa walihitaji homoni ya vidonge kwa muda mrefu. Waliosalia walirudiwa na afya yao. Ni maradhi mapole, basi, kwa anayejua jina lake. Kwa asiyelijua ni miezi ya mateso na shutuma.

Kwa nini yatanguliwe na homa? Tangu zamani matabibu walikuwa wakisikia hadithi moja kwa kila mgonjwa: nilipata mafua, koo, kikohozi, nikapona, baada ya wiki mbili, tatu, sita, shingo. Mwaka 1957 matabibu wa Israel walitoa katika jarida la Lancet ushahidi unaofungamanisha uvimbe huu na kirusi cha perema, yale matubwitubwi yanayowavimbisha watoto mashavu, na baada yao vikatajwa virusi vingine vingi. Aidha iligunduliwa kwamba wengi wa wapatwao wana alama moja ya kurithi katika seli zao, iitwayo HLA-B35. Tangu hapo hoja yenye nguvu imekuwa kwamba kirusi hupiga hodi, lakini mlango hufunguka kwa waliozaliwa na aina fulani ya kitasa. Na kwa sababu hiyo watu kumi wa nyumba moja huugua mafua mamoja na shingo ikamwuma mmoja tu. Maumivu ya shingo yenyewe hayaambukizi, na mgonjwa hana haja ya kutengewa kikombe.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona, ambao kwetu Tanzania uliitwa Uviko. Mwaka 2020 matabibu wa Pisa, huko Italia, waliandika habari za msichana wa miaka 18 aliyepatwa na uvimbe wa de Quervain baada ya kuugua Korona nyepesi, na baada ya habari hiyo ya kwanza zikafuata nyingine kutoka nchi nyingi. Jambo hili halikuwashangaza wanazuoni, kwa kuwa ile protini iitwayo ACE2, ambayo kirusi cha Korona huitumia kama mlango wa kuingilia katika seli, imo pia katika seli za dundumio. Mjini Milan matabibu waliwatazama wagonjwa 85 wa Korona waliolazwa katika wodi za uangalizi mkali, wakakuta 13 miongoni mwao wana homoni za tezi zilizozidi katika damu. Walipowatazama wagonjwa 78 waliolazwa katika wodi za namna hiyo mwaka 2019, kabla ya Korona, walimkuta mmoja tu. Katika hospitali nyingine ya karibu na mji ule, kati ya wagonjwa 287, homoni zilizidi kwa 58 na zilipungua kwa 15. Wengi wa wagonjwa hao hawakulalamika shingo kabisa, na jambo hili latufundisha kwamba homa inaweza kuigusa tezi kimyakimya, ikadhaniwa kuwa mbio za moyo ni za homa na unyonge ni wa homa, ilhali sehemu ya dhiki ile imetoka shingoni.

Uvimbe huu wa maumivu si mlango wa pekee ambao maradhi ya kuambukiza huiingilia tezi. Yako maradhi mawili mengine, ambayo chanzo chake ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. La kwanza lilielezwa mwaka 1835 na Robert Graves wa Dublin, na miaka mitano baadaye na Karl von Basedow wa Ujerumani: kinga hutengeneza kitu kinachoiga amri ya msimamizi, tezi ikatii usiku na mchana, mgonjwa akakonda na macho yakamtoka. La pili lilielezwa mwaka 1912 na Hakaru Hashimoto, kijana wa Kijapani aliyechunguza tezi za wanawake wanne, akaandika makala yake kwa Kijerumani, kisha akarejea kwao kuwa daktari wa watu wa kawaida, akafa mwaka 1934 kwa homa ya matumbo kabla jina lake halijapata sifa lililo nayo leo duniani: hapa kinga huila tezi polepole, ikapoa kama jiko lisilotiwa kuni. Katika maradhi yote mawili hudhaniwa kwamba homa inaweza kuwa kichocheo kwa mtu aliyekwisha kuelekea huko kwa kurithi, kwa kuwa kinga iliyoamshwa kupigana na mgeni yaweza kumkosea mwenyeji.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi kwa karibu kuliko habari za Milan, nalo sioni likisemwa inavyostahili. Miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao kinga yao ilikuwa imeshuka sana, wapo wachache ambao mwaka mmoja, miwili au mitatu baada ya kuanza dawa za kufubaza virusi, kinga yao irudipo kwa nguvu, hupatwa na maradhi ya Graves. Mfikirie mtu wa namna hiyo. Alikuwa amenenepa, amerudi kazini, jamaa wameanza kumsahaulia yaliyopita. Kisha anakonda tena, anatetemeka, anaharisha. Kila amwonaye husema moyoni kwamba ameacha dawa, na huenda mtumishi wa kliniki naye akamkemea hivyo hivyo mbele ya wenzake. Ilhali dawa anameza kila siku, virusi vimefubaa, na kukonda kwake ni dalili ya kinga iliyorejea ikapotea njia. Kipimo cha homoni za tezi chaweza kumtoa mtu huyu katika aibu isiyo haki yake, na ingalikuwa insafu kipimo hicho kikumbukwe kabla ya lawama.

Sasa nifike kwenye chanjo, ambayo ndiyo iliyofanya jambo hili lizungumzwe barazani na sokoni. Chanjo huionyesha kinga sura ya adui, au kipande cha sura yake, ili imjue kabla ya vita. Na ikiwa kinga iliyoamshwa na homa yaweza, kwa nadra, kuikosea tezi, si muhali wa akili kwamba kinga iliyoamshwa na chanjo nayo yaweza. Hata kabla ya Korona zilikuwapo taarifa chache za namna hiyo baada ya chanjo ya mafua. Mwaka 2021 matabibu wa Uturuki waliandika habari za wanawake watatu waliopatwa na uvimbe wa de Quervain baada ya chanjo ya Sinovac, ambayo ni ya kirusi kilichouawa, na wenzao wa Mexico wakaandika habari za wanawake wawili waliopatwa na maradhi ya Graves baada ya chanjo ya Pfizer, ambayo haina kirusi ndani yake. Wote watano walikuwa watumishi wa afya. Wako waliolishika neno hilo wakasema: tazama, hata madaktari wenyewe wamedhurika. Lakini msomaji na akumbuke ni nani waliotangulizwa kuchanjwa katika miezi ile, na ni jinsia gani ambayo maradhi haya huipenda, naye ataona kwamba watu wa kwanza kuandikwa hawangeweza kuwa wengine ila wanawake wa kazi ya afya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba taarifa za namna hii zilikuja baada ya chanjo za aina mbalimbali, zilizotengenezwa kwa njia zisizofanana. Wengine waliyatia hatiani madini ya alumini yanayotiwa katika baadhi ya chanjo ili kuichangamsha kinga. Lakini chanjo ya Pfizer haina alumini. Kwa hiyo dhana iliyo karibu na akili ni kwamba lawama, ikiwapo, si ya kiungo fulani cha sumu, bali ni ya kule kuamshwa kwa kinga yenyewe katika mwili uliokuwa tayari kukosea.

Walakini kati ya kutokea baada ya kitu na kutokea kwa sababu ya kitu pana bonde pana. Wahenga wa Kiswahili walilijua, waliposema juu ya majogoo kwamba wawike wasiwike kutakucha. Tuipige hesabu wenyewe kwa ile idadi ya Olmsted. Katika watu 1,000,000, wapatao 49 wangepatwa na uvimbe wa de Quervain kwa mwaka bila ya chanjo yoyote. Tukiwachanja wote milioni siku moja, kisha tukangoja wiki sita, watu watano au sita watashikwa na shingo kwa majaliwa yao tu, na kila mmoja wao ataapa, kwa nia safi kabisa, kwamba ni sindano. Ili kujua kama chanjo imeongeza kitu lazima kuhesabu kama wamekuwa zaidi ya hao sita, na hesabu hiyo haifanyiki kwa kisa cha jirani wala kwa sauti iliyorekodiwa na kutumwa katika simu. Visa vilivyoandikwa duniani, vikilinganishwa na mabilioni ya sindano zilizotolewa, ni vichache mno, na wengi wa waliopatwa walipona kwa dawa zile zile wanazopewa wengine.

Naona kwamba katika jambo hili wagonjwa wamedhulumiwa na pande mbili. Upande mmoja ni wale waliochukua mateso ya watu wachache wakayafanya ngoma ya kuwatishia wengi, wakawatoa wazee wetu katika kinga dhidi ya homa ambayo ndiyo yenye mkono mzito zaidi juu ya tezi, juu ya mapafu na juu ya roho. Upande wa pili, ambao husemwa kidogo, ni wale waliokuwa na elimu, na ambao kwa kuogopa kuwapa wazushi silaha walimnyamazisha kila aliyekuja akisema, "Daktari, tangu nichanjwe shingo yaniuma." Mtu huyo hakuja kubishana juu ya chanjo, amekuja kwa kuwa anaumwa, na kumwambia kwamba ni hofu tu, bila kumgusa, ni kumtuma moja kwa moja kwa mzushi, ambaye angalau atamsikiliza. Angeguswa shingo, akapimwa, akaambiwa kwamba hili lina jina na lina dawa, na kwamba pengine ni sindano na pengine si sindano, angerudi nyumbani akiwa na maneno ya kweli ya kuwaambia wenzake.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Damu hupimwa kiasi cha homoni na kiasi cha amri ya msimamizi, ambayo hushuka sana homoni zizidipo; hupimwa pia kasi ya chembe nyekundu kuzama, ambayo katika uvimbe huu hupanda mno. Wenye maumivu ya wastani hupewa dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya aspirini na ibuprofeni. Walio taabani hupewa predinisoloni, na nafuu yake huja upesi sana, mara nyingi ndani ya siku mbili. Mbio za moyo hupozwa kwa propranololi, isipokuwa kwa mwenye pumu, ambaye haimfai. Predinisoloni si dawa ya kujinunulia dukani wala ya kuikatiza ghafula, kwa kuwa hupunguzwa hatua kwa hatua kwa usimamizi wa daktari, na anayeiacha mapema aghalabu hurudiwa na uchungu ule ule. Vidonge vya kuua bakteria havina kazi hapa. Na kipimo cha homoni hurudiwa baada ya wiki kadhaa, mgonjwa ajapojiona mzima, kwa sababu ya kile kipindi cha pili.

Kwa dada kipindi cha pili kilikuja pamoja na upepo wa kusi. Mwanamke ambaye miezi miwili nyuma alilala barazani kwa joto alianza kujitanda kanga tatu mchana, sauti ikamkwaruza, na usingizi ukamchukua akiwa anasahihisha madaftari. Tulingoja tezi ipone kama ziponavyo za wengi, lakini haikupona sawasawa, naye akawa miongoni mwa wale wachache wanaohitaji homoni ya vidonge. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, humeza kidonge chake kwa maji matupu, kisha hungoja muda wa nusu saa na zaidi ndipo anywe chai ya maziwa. Na mwezi wa Ramadhani ukifika humwuliza daktari wake mapema juu ya saa ya kumeza, ili kidonge na daku visigongane.

Kama homa yake ya mwanzo ilikuwa Uviko, hatukupima. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 na chanjo ikaanza kutolewa kwa wananchi, dada alimwendea daktari wake na swali moja: je, nikichanjwa, shingo itanirudia? Daktari hakumcheka wala hakumwahidi. Alimwambia kwamba yawezekana lakini ni nadra, kwamba homa yenyewe yaweza kumrudishia shingo kwa njia iliyo nzito zaidi, na kwamba akiona maumivu yoyote chini ya kikoromeo aje siku hiyo hiyo bila kungoja zamu. Alichanjwa, na shingo haikumwuma. Siileti habari hii kama ushahidi, maana kama kisa cha mtu mmoja aliyedhurika hakithibitishi kitu, cha mtu mmoja aliyesalimika nacho hakithibitishi. Naileta kwa ajili ya lile jibu la daktari.

Mwaka uliofuata, akipita karibu na chumba kile cha tabibu meno, aliingia. Nilikuwa naye, na nilihofu ugomvi. Alimwamkia, akamkumbusha siku ya gego, akamwonyesha karatasi zake za vipimo alizokuwa amezikunja ndani ya mkoba, akamwambia, "Sikuja kukudai jino, mwanangu. Nimekuja uishike shingo hii, ili akija mwingine uijue." Yule kijana alisimama kimya kwa kitambo. Kisha akanawa mikono, akaifuta kwa taulo, akasimama nyuma ya kiti kama alivyoelekezwa, akaweka vidole viwili viwili chini ya kikoromeo, akamwambia ameze mate.